Kadi Haijafa, Unauziwa Matanga

Wasee wa Kisumu, tuacheni kuzika kadi za grafiki zikiwa hai. Skrini ikibaki nyeusi, unapanda matatu Kondele na CPU mapajani, fundi anaitazama sekunde mbili: "Kadi imekufa, leta pesa." Na wewe unatoa!

Kabla hujatoa hata bob, zima mashine, chomoa stima. Kebo ya monita iko wapi? Kama umeichomeka kwa madabodi badala ya kadi, jibu ndilo hilo. Toa RAM, sugua meno yake na rabari, rudisha. Feni ikijaa vumbi na wadudu wa ziwa, kadi inachemka. Inazima ukifungua gemu tu? Shuku pawa saplai: tundu la kadi hutoa wati 75 pekee, kadi kubwa zinataka waya wao, na hizi desktopu za mitumba ziliundiwa kazi ya ofisi.

Fundi mwaminifu ataijaribu kadi yako kwa mashine nyingine ukiona. Akikataa, beba CPU yako uende. Mimi niliacha chuo, na bisibisi haijawahi kuniuliza digrii.