Mti Mpya Uelezwe kwa Kiswahili Pia

Mwaka 2019, katika misitu ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, milimani Udzungwa, Andrea Bianchi pamoja na Aloyce na Ruben Mwakisoma waliona mti wa jamii ya kunde ambao wajuzi walikuwa hawajauandika. Waweza kufika mita 40 kwenda juu. Mwaka 2025 ulitangazwa rasmi: Tessmannia princeps.

Jina la Kilatini sina ugomvi nalo. Lazima wajuzi wa dunia nzima waelewane. Lakini maelezo! Tangu mwaka 2012 sheria ya majina ya mimea yadai maelezo ya Kilatini au Kiingereza, basi. Naona kando ya hayo yafaa yaandikwe mengine kwa Kiswahili: jani likoje, ua likoje, ganda la mbegu likoje. Walinzi wa misitu ile ni wanakijiji. Mtu wa kijiji cha mbali, aliye na mche wa mti huo shambani, ataujuaje asiufyeke?

Wako wasemao Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Ajabu! Kikonyo, petali, stameni, ovari, yote tulifundishwa shule ya msingi, tena kwa Kiswahili.