Mkulima Aonje Kahawa Yake

Ndugu msomaji, nina swali moja. Wewe unayelima kahawa, umewahi kuonja kahawa ya shamba lako mwenyewe?

Niliuliza swali hili katika darasa letu la jioni, katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wanakisomo walikuwa 21. Wote wana mibuni, na wengi waliirithi kutoka kwa baba zao. Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili tu. Mzee mmoja alicheka, akasema, "Mwalimu, kahawa ni ya kuuza. Ya kunywa ni chai."

Mzee alisema kweli. Nilipomtembelea nyumbani alinikaribisha vizuri kwa chai. Majani yalitoka dukani na sukari ilitoka dukani. Gunia la kahawa lilikuwa pale pale, nyuma ya kiti changu.

Maoni yangu ni haya. Mkulima asiyeonja mazao yake hajui anauza nini. Mnunuzi anajua, yeye hajui. Kwa hiyo kila mkulima wa kahawa na akaange angalau kilo moja kila msimu, aionje.

Tuangalie tulikotoka. Kahawa ya Kilimanjaro ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wetu walijifunza kuipanda, kuipogoa na kuipeleka sokoni. Mwaka 1933 waliunda chama chao kikuu, KNCU, ili wauze kwa pamoja. Hayo yalikuwa mambo makubwa. Lakini kuinywa hatukuzoea. Wanaoinywa ni wenzetu wa Pwani. Wao hukaa barazani jioni na vikombe vidogo, wakila kashata, na mbuni hawana hata mmoja!

Wengine watasema kukaanga kahawa ni kazi ya kiwanda. Sivyo. Ethiopia, ambako kahawa ya arabika ilitoka, akina mama huikaanga nyumbani juu ya kikaango, mbele ya wageni. Karibu nusu ya kahawa ya nchi ile hunywewa na wenyewe. Hata hapa nchini, Wahaya wa Kagera tangu zamani huchemsha kahawa yao, huikausha, na kumpa mgeni aitafune. Marekani baadhi ya watu huikaanga nyumbani kwa mashine ndogo ya umeme ya kutengenezea bisi, ile inayopuliza hewa ya moto.

Darasa letu halikuwa na mashine hiyo. Lakini kijana mmoja wa darasa huuza bisi sokoni. Ana sufuria la bisi lenye mfuniko. Juu ya mfuniko kuna mkono wa kuzungushia, na ndani kuna waya unaokoroga. Tuliazima sufuria lile.

Mara ya kwanza tuliharibu. Waya ulipita juu ya kahawa bila kuigusa ya chini. Nyingine iliungua, nyingine ikabaki mbichi. Tulimpelekea fundi wa bati. Aliukunja waya mpaka ukagusa chini kabisa. Kisha akatoboa matundu machache kwenye mfuniko ili moshi utoke. Mara ya pili tulifaulu.

Kazi yenyewe ni hii. Kahawa ikobolewe kwanza, ganda gumu litoke. Kinu kinatosha, ila usitwange kwa nguvu. Washa mkaa, moto uwe wa wastani. Sufuria likipata moto, tia kahawa kidogo, isijae. Zungusha mkono bila kupumzika. Punje za kijani zitageuka manjano, na zitanukia kama majani makavu. Kisha zitakuwa za kahawia. Baadaye utasikia zinaalika: ta! ta! ta! Bisi hualika na kufumuka ikawa nyeupe. Kahawa hualika na kuvimba kidogo tu. Hapo imeanza kuiva. Ukitaka iwe nyeusi zaidi, endelea kidogo, lakini usiondoke hata dakika moja. Kahawa inayoachwa jikoni huwaka moto.

Ikiiva, imwage mara moja kwenye ungo, uipepete. Makapi yatapeperuka, na kahawa itapoa. Usipoipoza upesi itaendelea kuungua kwa joto lake yenyewe. Iache mpaka kesho yake ndipo uitwange. Fanyeni kazi hii nje, au mahali penye hewa, maana moshi wake ni mwingi.

Sasa nieleze tulichokiona tulipoonja.

Mama mmoja wa darasa alikuwa na hasira tangu msimu uliopita. Kahawa yake ilikataliwa kuchanganywa na nyingine, ikawekwa daraja la chini. Alisema karani hampendi. Alikuwa amebakiza kidogo nyumbani. Tuliikaanga kwa moto ule ule, sufuria lile lile, kama tulivyokaanga ya yule mzee. Tukaweka vikombe viwili mezani, kimoja cha mzee na kimoja cha mama.

Kikombe cha mzee kilikuwa safi. Kilikuwa na uchungu kidogo, na nyuma ya uchungu utamu kama wa tunda. Kikombe cha mama kilinuka uvundo. Alionja, akanyamaza. Akaonja tena. Kisha akasema polepole, "Siku ile niliyoimenya nilipata msiba. Kahawa ililala ndani ya ndoo siku nne."

Hakuna aliyemcheka. Kila mkulima anajua kwamba kahawa iliyomenywa huachwa ivunde mpaka utelezi utoke, ndipo ioshwe. Kwa kawaida siku moja hadi mbili zinatosha, kutegemea baridi ya mahali. Tumeambiwa hivyo mara nyingi na mabwana shamba. Lakini siku ile mama yule hakuambiwa na mtu. Ulimi wake mwenyewe ulimwambia.

Na mzee? Yeye alifurahi, kisha akakasirika. Kahawa yake safi ilikuwa imechanganywa na ya watu wengine na kulipwa bei moja. Katika mkutano wa chama cha msingi alisimama, akauliza kama kahawa nzuri inaweza kupokelewa peke yake. Bado hajapata jibu la mwisho. Lakini ameuliza, na swali lake limeandikwa katika muhtasari wa mkutano. Mwaka uliopita asingeweza kuuliza, kwa sababu hakujua alichokuwa nacho.

Kabla ya kuuzwa mnadani, kahawa yetu hukaangwa kidogo na kuonjwa na wataalamu. Ladha wanayoipata husaidia kupanga bei. Je, ni haki wao waijue ladha hiyo na mwenye shamba asiijue?

Kuna wanaosema, "Ukinywa kahawa umekunywa ada ya mtoto." Neno hili lina uzito. Sisemi tunywe gunia. Nasema kilo moja. Na kilo hiyo itatufundisha hesabu pia. Darasa letu lilipima kilo moja ya kahawa yenye ganda gumu. Baada ya kukoboa ilibaki gramu 800. Baada ya kukaanga ilibaki gramu 670, kwa sababu maji yametoka. Kikombe kimoja kinahitaji gramu 10, yaani kama vijiko viwili vya chakula vya unga wake. Kwa hiyo:

670 ÷ 10 = 67

Kilo moja ni vikombe 67. Sasa chukua bei uliyolipwa kwa kilo moja, uigawanye kwa 67. Hiyo ndiyo sehemu yako katika kila kikombe. Kisha uliza kikombe kimoja kinauzwaje katika hoteli ya mjini. Mwenye hoteli si mwizi. Analipa mkaa, sukari, pango na wahudumu. Lakini ni vizuri mkulima ajue umbali uliopo kati ya namba hizo mbili.

Nasema haya juu ya kunywa nyumbani. Mwenye nia ya kukaanga kwa biashara aulize kwanza taratibu na leseni katika ofisi ya Bodi ya Kahawa.

Ndugu msomaji, kusoma si kutambua herufi tu. Mtu husoma mizani, husoma stakabadhi, husoma mvua. Mkulima wa kahawa asome pia kikombe chake. Msimu huu ukivuna, tenga kilo moja. Azima sufuria la bisi, au tumia kikaango na mwiko. Mwite jirani alete yake. Onjeni zote mbili, na kila mmoja aseme kweli.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wakulima wengi wa kahawa hawanywi kahawa yao?
2. Mama alijifunza nini alipoonja kahawa yake? Mzee alijifunza nini?
3. Je, chama chenu kipokee kahawa nzuri peke yake? Toeni sababu za kukubali na za kukataa.
4. Gawanya bei uliyolipwa kwa kilo moja kwa 67. Umepata ngapi?