Opali haina bahati wala mkosi

Singida tunaijua habari ya machimbo. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke, wilayani Iramba, mwaka 1909, na mpaka leo vijana wetu wanashuka mashimoni. Wengi wao Jumapili tunakaa nao benchi moja kanisani. Katikati ya juma baadhi yao wanakwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta mali, kwa sababu wameambiwa jiwe lina mwenyewe na halitoki bure.

Mpendwa msomaji, hebu tulitazame jiwe moja lililosingiziwa mengi: opali. Ndilo jiwe lenye rangi za upinde wa mvua. Ukiligeuza kidogo, palipokuwa na bluu panakuwa kijani, mara pekundu. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, anasimulia habari za seneta Nonius aliyekimbilia uhamishoni akaacha mali zake zote, akabaki na pete ya opali tu, kwa kuwa Marko Antonio aliitamani. (Tajiri yule wa Injili naye aliondoka na huzuni yake.)

Baadaye jiwe hilohilo likageuzwa mkosi. Mwaka 1829 Mskoti Walter Scott alitoa riwaya ambamo tone la maji ya baraka linaangukia opali ya mwanamke, jiwe linapoteza mng'ao, na mwenyewe hafiki mbali. Ilikuwa hadithi tu, lakini watu waliacha kuvaa opali. Malkia Victoria wa Uingereza hakujali. Aliwapa binti zake.

Kuna opali ambayo maji huizima kweli. Inachimbwa Wollo, Ethiopia, na ilianza kujulikana sana mwaka 2008. Ukiilowesha, inanywa maji na rangi zake zinafifia au kupotea. Ikikauka, zinarudi. Hapo hapana pepo. Jiwe lina vitundu vidogo na maji yameingia.

Na rangi zenyewe? Mwaka 1964 wanasayansi wa Australia waliichungulia opali kwa darubini ya elektroni. Walikuta vipira vya silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, vidogo kiasi kwamba elfu nne hivi vikipangwa mstari vinajaza milimita moja. Vikiwa vya ukubwa mmoja na vimepangika vizuri, mwanga ukipita katikati yake unatawanywa kuwa rangi. Visipopangika, rangi zile hazionekani. Ukiiweka opali gizani haina cha kuonyesha.

Jirani zetu wa Haneti, mkoani Dodoma, wana opali ya kijani isiyobadilika rangi. Kijani chake kinatokana na nikeli. Hapohapo Haneti hupatikana krisopraso, jiwe ambalo Yohana alilihesabu la kumi katika misingi ya Yerusalemu mpya. Msomeni tena Yohana katika sura ile ya 21. Anayataja mawe kumi na mawili, kisha anasema mji wote unaangazwa na utukufu wa Mungu. Hakuna jiwe hata moja analolipa uwezo wa kumtajirisha au kumlaani mtu.

Nasema haya kwa uchungu. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa, na baadhi ya mauaji hayo yalihusishwa na waganga waliowaahidi wachimbaji utajiri. Uongo kuhusu madini ulimwaga damu ya watoto. Kanisa linalokemea uganga kwa jumla, bila kutaja machimbo, linamwachia mganga shimo zima.

Wazee wa kanisa wa Shelui na vijiji vya jirani, leo baada ya ibada wawekeni vijana wa machimboni kando, bila kuwatisha. Waulizeni mganga aliwaambia nini kuhusu mawe, na alitaka waleta nini.