Usitafute hamasa, tafuta pa kwenda

MLIMANI NA BONDENI
Na Martina Bura

Kila mwaka mpya makundi ya WhatsApp ya Katesh na Mbulu mjini hujaa ahadi. Mmoja anaacha soda. Mwingine anaanza kukimbia alfajiri. Wa tatu amenunua raba nyeupe mnadani na kuzipiga picha kabla hajazivaa. Ikifika Pasaka raba zimekuwa za kuendea shamba na soda imerudi mezani. Hapo ndipo tunapoanza kuambiana kwamba tatizo ni hamasa: tumekosa ari, tumekosa wa kututia moyo, hebu nitumie ile video ya mtu aliyepungua kilo thelathini.

Naona hamasa inasingiziwa bure. Imepewa kazi isiyoiweza. Hamasa ni mgeni, huja siku anayotaka na kuondoka bila kuaga, na hakuna nyumba iliyowahi kuendeshwa kwa kumtegemea mgeni.

Anayetaka kujua ni kitu gani hasa kinamtoa binadamu nyumbani kwake, tunao majirani wa kuwatazama. Wahadzabe wa Yaeda Chini, na wenzao wa ukanda wote wa Ziwa Eyasi, wamechunguzwa sana na wanasayansi. Mwaka 2012 Mmarekani Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania mwenzetu Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa matokeo ya kupima nguvu inayotumiwa na miili ya Wahadzabe 30 kwa siku. Waliwanywesha maji maalumu, wakachukua mkojo wao siku baada ya siku, wakawavalisha na vifaa vya kufuatilia mwendo. Wanaume walikuwa wakitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia kwamba watu hao wanachoma nguvu nyingi mno kumzidi karani wa Marekani anayeshinda kwenye kiti. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Mwili hujibana wenyewe: ukiutumia sana huku, unapunguza matumizi kule.

Tulia kwanza na habari hiyo, maana ndiyo inayoeleza raba za mnadani. Mtu anaanza kutembea Januari akiwa na lengo moja, kilo. Anatembea mwezi mzima, anapanda kwenye mizani, anakuta sindano imesogea kidogo au haikusogea kabisa. Anaona amedanganywa, anaacha. Kumbe alikuwa anakiuliza kipimo kisichohusika. Kilo huamuliwa zaidi na sahani na chupa. Faida ya miguu ipo kwingine, na Wahadzabe wametuonyesha ilipo. Utafiti mwingine, wa 2017, uliwafunga vifuani vifaa vya kusoma mapigo ya moyo, ikaonekana kwamba kwa wastani wanautumikisha mwili sawasawa dakika 135 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linatuomba angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa hiyo dozi yetu ya wiki wao wanaimaliza siku moja na kidogo. Na walipopimwa presha, wenye presha ya juu walikuwa wachache, hata miongoni mwa wazee.

Sasa waulize hamasa wanaitoa wapi. Hawana habari nayo. Hakuna anayezunguka kambi asubuhi kupunguza tumbo. Mwanamke ametoka kwa sababu kuna mizizi ya kuchimba, mwanamume amesikia habari za asali. Pasipo na shughuli wanakaa, tena wanakaa hasa: watafiti walewale walihesabu mwaka 2020 karibu saa kumi za kupumzika kwa siku, ila sehemu ya muda huo wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ya miguu ikiwa kazini. Kochi hakuna.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi porini, na maisha ya Mhadzabe si ya kuonewa wivu na mtu aliye karibu na hospitali. Ardhi yao imemegwa kila upande. Ninachokitaka kwao ni kimoja: wanatembea kwa sababu wana pa kwenda.

Na sisi tulikuwa hivyohivyo juzi tu. Mzee wa Kainam hakuwahi kusikia neno mazoezi maishani mwake, lakini kati ya nyumba yake, shamba, kisima na kanisa kulikuwa na miteremko ya kumtosha mwanariadha. Mbarbaig alifuata ng'ombe hadi Ziwa Basotu na kurudi. Watoto wao tukasoma, tukaajiriwa, tukahamia karibu na lami, na ule ugali wa mtu aliyeshinda na jembe tukauchukua vilevile, bila kuupunguza hata tonge.

Bodaboda ikamalizia. Sina ugomvi na vijana wa bodaboda, wanatafuta riziki, na kumpeleka mjamzito hospitalini usiku ni kazi ya heshima. Ugomvi wangu ni na mtumishi anayepigia simu boda imtoe stendi ya Katesh impeleke ofisini, mwendo ambao bibi yake angeumaliza akiwa na gunia la mahindi mgongoni. Tupige hesabu. Buku kwenda, buku kurudi, siku 22 za kazi: shilingi 44,000 kwa mwezi. Kwa miaka kadhaa kadi ya bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kwa mwaka mzima. Yaani kuna baba alikuwa analipa kila mwezi zaidi ya bima hiyo ya familia yake ya mwaka ili miguu yake isiguse vumbi, halafu anasema bima ni ghali.

Matokeo ya mtindo huu yalishaandikwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, kwa Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 26 wana presha ya juu na asilimia 9 wana kisukari. Asilimia 97 walikuwa hawali matunda na mboga kwa kiwango kinachoshauriwa. Hii ya mwisho ndiyo inaniuma nikiitazama kutoka kwetu, ambako mboga ipo nyuma ya jiko. Tunaifunga mafungu, tunaipeleka sokoni, tunarudi na soda na mandazi. Mbulu inalima vitunguu saumu vya kulisha miji, na kila mnada hakosi mtu wa kukuambia kwamba punje mbili asubuhi zinatibu presha. Tia kwenye mchuzi, ni kitamu. Ila kama daktari amekuandikia vidonge, meza vidonge.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa hamasa hawaligusi, nalo ni macho ya watu. Hapa kwetu mwili mkubwa ni cheti cha mafanikio. Mtu akirudi kutoka Arusha na shavu limejaa anaambiwa amenawiri. Akirudi amepungua, wanamtazama kwa pembeni. Ile miaka ya ukimwi kabla dawa hazijafika ilituachia hofu ya wembamba ambayo haijatutoka. Jirani yangu mwalimu aliacha sukari baada ya kuambiwa yuko ukingoni mwa kisukari. Akapungua vizuri, akawa anapanda mlima bila kuhema. Tukaenda msibani. Mama mmoja akamshika mkono asiuachie.

"Mwalimu, vipi, mbona umeisha hivi?"

"Nimepunguza sukari, mama."

"Pole sana mwanangu. Mungu ni mwema."

Watu watano walimpa pole siku ile, na mmoja akamnong'oneza mganga wa kumwona. Mwezi uliofuata vijiko vitatu vilikuwa vimerudi kwenye chai yake. Huyu ari alikuwa nayo ya kutosha. Kilichomshinda ni kuonekana mgonjwa mbele za watu wakati alikuwa anapona.

Kukimbia ndiko kubaya zaidi, hasa kwa mwanamke. Mwanamke mtu mzima akionekana anakimbia kijijini saa kumi na mbili asubuhi, swali la kwanza ni nani amefariki. Mjini kidogo wamezoea, lakini nako utaitwa majina. Lakini mwanamke huyohuyo akitembea saa nzima kwenda shamba, kwaya, jumuiya au kikoba, hakuna atakayegeuza shingo. Shughuli ni kinga. Inakupa sababu ya kutoka, na inawafunga mdomo wenye maswali.

Hotuba za afya mkoani kwetu hazikosi jina la mzee John Stephen Akhwari, na ni haki, ni mtu wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Wahamasishaji wanaichukua habari hiyo kama somo la moyo wa chuma. Mimi nasikia kitu kingine katika jibu lake lililozunguka dunia, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Hakuzungumzia alivyojisikia. Alizungumzia waliomtuma. Goti lilishakataa, na kama angetegemea hamu ya kukimbia angepanda gari la wagonjwa kama mtu yeyote mwenye akili. Wanaomkumbuka kwa kuchechemea tu wanasahau pia kwamba alikuwa mkimbiaji hodari: miaka miwili baadaye, Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Hofu nayo haifiki mbali. Daktari akikusomea 160 kwa 100 utaogopa, utaacha chumvi ya mezani, utatembea. Lakini presha haiumi. Siku zikipita bila maumivu hofu inapoa, na nyama choma ya mnadani inarudi na kachumbari yake na kilima cha chumvi pembeni ya sinia. Nani anaweza kuogopa miaka ishirini mfululizo kitu asichokisikia?

Serikali imejaribu kwa njia yake. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nia ilikuwa njema. Ila Jumamosi moja ni siku moja kati ya thelathini, na mahali pengi imeishia kuwa fulana mpya, picha za viongozi na supu nzito baadaye. Moyo hautunzwi kwa sherehe.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halina fulana. Usijiulize kama una hamasa. Chukua safari uliyonayo tayari, ile ambayo usipokwenda mtu atakuuliza, uiweke juu ya miguu yako. Kikoba kina faini ya kuchelewa. Kwaya ina mwalimu mkali. Jumuiya ndogo ndogo inahesabu waliokosekana. Hivi vyote tunavyo Mbulu na Hanang, vina nguvu ya kutuamsha kuliko video yoyote, na sehemu kubwa ya dakika 150 za wiki inaweza kupatikana njiani tu. Ukipanga na mwenzako akupitie, hata siku mwili umegoma utatoka, kwa sababu kumwacha mtu amesimama mlangoni ni aibu. Soda nayo ishughulikiwe hapohapo: kikundi kinachokubaliana kwamba kikao ni cha chai isiyo na sukari na karanga kimemwokoa yule mwalimu asionekane mgonjwa, maana wote wamekuwa wagonjwa pamoja.

Nina neno kwa halmashauri zetu pia, na kwa TANROADS na TARURA. Anayetembea kando ya lami ya Babati kwenda Singida anatembea na roho mkononi, malori yanampita karibu na kiwiko. Katika barabara ya Mbulu kwenda Haydom, tuliyoililia miaka mingi, njia ya waenda kwa miguu isiwe kitu cha kukumbukwa baadaye. Huwezi kumwambia mama atembee kwa afya halafu ukampa mtaro.

Na wewe msomaji, wiki hii fanya mawili. Pita zahanati yoyote upimwe presha, na ukikuta 140 kwa 90 au zaidi rudi upimwe tena siku nyingine kabla ya kumsikiliza mtu wa mnadani. Kisha mpigie mmoja wa wenzako wa kikoba, mwambie siku ya kikao akupitie nusu saa mapema, na mwambie mapema kwamba hampandi boda.