Kuvu ya Mchangani na Andalio la Somo

Mwanachuo akiulizwa kuvu ni nini, hujibu upesi: ni uchafu, au ni ugonjwa wa ngozi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli haimtoshi mwalimu.

Huko Musoma na Bunda, mawimbi ya Ziwa Viktoria hutupa ufukoni matete na magugu-maji. Ni nani huyaondoa? Mchangani imo kuvu, yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Huozesha mabaki hayo, hurudisha rutuba, na nyuzi zake hushikamanisha chembe za mchanga.

Kwa hiyo, somo hili lisiishie ubaoni. Wanafunzi na walete mchanga wa ufukoni, bila kuingia majini kwa sababu ya kichocho. Shule za Butiama zilizo mbali na ziwa zitumie udongo wa shambani. Mchanga wa chupa moja ukaangwe motoni, wa pili uachwe. Chupa zote zinyunyizwe maji yaliyochemshwa yakapoa, zitiwe jani kavu, zifunikwe, nazo zisifunguliwe tena. Kuvu ikiota kotekote, somo halikuharibika: wanafunzi waulizwe imetoka wapi.

Wala tusifiche hatari. Mwaka 2016 sumukuvu, itokanayo na kuvu ya mahindi na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara. Mtoto aliyefundishwa kuchunguza, wala si kuogopa tu, ndiye atakayewakumbusha wazazi kuyakausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani.