Unataka mlima na mji kwa pamoja? Angalia maji kwanza

Leo naweka pembeni mbegu na viuatilifu nizungumzie makazi, kwa sababu jambo hili limeshaanza kutugusa hata sisi tunaolima.

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, simu ninazopigiwa zimebadilika. Zamani mtu wa Dar akinitafuta alikuwa anauliza shamba la mpunga au bei ya mahindi. Siku hizi anasema hivi: "Bwana shamba, nitafutie nusu ekari au ekari moja, isiwe mbali na mji, mlima uonekane, kuwe na kijito na hewa nzuri. Nataka kuhamia." Wengine ni wastaafu, wengine vijana wanaofanya kazi zao kwa kompyuta, wengine wamechoka tu na foleni na joto. Siwalaumu hata kidogo. Ukiamka Kilakala ukaona ukungu unavyopanda Uluguru, huku soko na hospitali viko dakika chache kwa bodaboda, utaelewa kwa nini mtu anataka kuja.

Ila msimamo wangu ni huu, na najua madalali hawataupenda: kaa chini ya mlima, usikae juu yake. Na eneo lako lichague kwa maji yanayokuwepo mwezi Oktoba. Mandhari ya mwezi Mei achana nayo.

Dalali mzuri anakuleta Mei. Masika yanaisha, kila kitu kijani, kijito kinapiga kelele, hata wewe mwenyewe unajiona umeshafika peponi. Rudi mwishoni mwa Oktoba, vuli haijaanza. Kijito kilekile unakiruka kwa hatua moja bila kulowa kiatu, majani yamekuwa kahawia, na usiku unaona mistari ya moto milimani kwa watu wanaosafisha mashamba. Hapo ndipo uulize majirani wanachota maji wapi na wanapanga foleni saa ngapi. Akina mama watakuambia ukweli kuliko mwenye kiwanja.

Watu wanadhani mlima ukiwepo basi mvua ipo pande zote. Hapana. Mawingu ya Uluguru yanatoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo upande wa mashariki ndio unaonyeshewa hasa. Sehemu za juu za upande ule zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo maana Kinole na Matombo wanastawisha karafuu, mdalasini na pilipili manga. Upande wa magharibi mvua ni pungufu, na wakulima wa Mgeta wanategemea sana mifereji kumwagilia kabichi na njegere zao. Mjini kwenyewe, chini kabisa, tuko karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari na mvua inazungukia milimita 900. Halafu ukivuka kwenda Kihonda, Mkundi na Lukobe ni tambarare, joto na jua kali, mlima unauona kwa mbali kama picha ukutani. Kote huko kunaitwa Morogoro, na kote dalali atakuambia "hewa safi, mlima unaonekana."

Sasa piga hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye bati la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900, ukitoa zinazopotea, unaweza kuvuna lita kama 70,000 kwa mwaka. Ni nyingi, lakini zinakuja kwa mkupuo. Familia inayotumia lita 100 kwa siku inamaliza tangi la lita 5,000 ndani ya siku 50. Kiangazi chetu kuanzia Juni mpaka Oktoba ni siku 150. Kwa hiyo ni matangi matatu, na hapo hujamwagilia hata shina moja la mchicha. Kama bajeti yako ya ujenzi haina matangi matatu au kisima, basi usikimbilie mahali ambapo bomba la mamlaka halijafika. Na kisima usikiamini mpaka umeonja maji ya jirani. Maji yenye chumvi mboga zitakuonyesha ndani ya mwezi mmoja, majani yanaungua pembeni.

Turudi kwenye kukaa juu ya mlima. Mwenye hela anataka nyumba iliyoinuka ili aone mji wote usiku. Kwenye mteremko nyumba haikai mpaka ukate udongo upate uwanja. Ukikata, ule udongo mweusi wa juu, ambao mara nyingi ni kina cha jembe tu, unaufukia au unausukuma chini. Unabaki na udongo mwekundu wa ndani ambao hauna kitu. Halafu ananiita: bwana shamba, mbona parachichi zangu hazikui? Zitakuaje, umezipanda kwenye mfupa?

Wazee wa Uluguru hili wanalijua kwa uchungu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milima yote. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa chini ukaja juu na mazao yakapungua. Mwaka 1955 zikatokea ghasia na mpango ukafa. Kingo za mawe, majani ya kukinga maji, migomba na miti kwenye kontua, hayo yanakubalika kwa sababu hayapindui udongo. Tingatinga linapindua. Mvua ya kwanza ya Machi ikikuta kidonda kile, udongo wote unaishia mtoni, na bahati mbaya haiishii kwako uliyekata. Inaishia kwa mwenye kibanda chini yako.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa Dar angepaswa kuliona la kwake. Maji aliyokuwa akinywa Dar yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unatoka milima hii hii. Oktoba na Novemba 2022 Ruvu ulishuka mpaka Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, watu wakanunua ndoo kwa bei ya ajabu. Msitu wa juu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, huko hakuna wa kukuuzia kihalali. Lakini kati ya msitu na mji kuna mashamba ya watu, na ndiyo yanayokatwa viwanja sasa. Tukiyageuza kuwa paa na saruji, mvua haitanywewa na udongo tena, itateremka yote kwa siku moja. Sisi tutapata mafuriko, Dar itapata mgao.

Upande wa sheria, mambo matatu nimeona yakiwaliza watu, nayataja haraka. Kijito kile kizuri kina mpaka wake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nusu ekari yenye upana wa mita 40 iliyogusa mto, ukitoa mita 60, piga mwenyewe hesabu ya kinachobaki. Pili, ardhi ya kijiji hainunuliwi kwa mwenyekiti na mashahidi wawili chini ya mwembe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Omba uone muhtasari wa mkutano.

La tatu ndilo wageni hawalijui kabisa. Kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Kijana anaweza kukuonyesha shamba alilolima baba yake miaka 30, na halikuwa la baba yake kuliuza. Ni la ukoo wa bibi yake, na wenye kauli ni wajomba. Unalipa, unaweka msingi, halafu wajomba wanatokea kutoka Matombo. Usiseme umetapeliwa, uliuliza mtu mmoja badala ya kuuliza ukoo. Kaa nao, wote, kina mama wakiwepo, ndiyo mwandike.

Na huu mji unaousogelea, uupimie nauli. SGR ilipoanza, daraja la kawaida Dar hadi Morogoro lilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Anayetaka kuishi huku na kufanya kazi Dar kila siku, kwa siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi, bado bodaboda ya huku na daladala ya kule. Kwa mshahara wa kawaida haiwezekani. Anayekwenda mara moja kwa wiki anatumia 104,000, huyo namwambia aje. Lakini aangalie umbali wake kutoka nyumbani hadi stesheni au Msamvu saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha, barabara ya udongo. Kilomita nane za mteremko wakati wa masika ni safari ndefu kuliko treni yenyewe. Mtoto akishikwa na homa usiku, ile barabara ndiyo itakayokuambia kama uko karibu na mji.

Kwa hiyo mtu akinibana nimtajie mahali, namwambia atafute kiwanja kilichopimwa chini kwenye mji, maeneo ya kuelekea Bigwa, au upande wa Mzumbe na Mlali kama anataka nafasi zaidi, mita 400 au 600 zinamtosha. Migomba minne mitano inayokunywa maji ya bafuni, mchicha na sukuma kwenye vitalu, kuku wachache kwenye banda safi (ng'ombe aulizie kwanza sheria ndogo za manispaa). Mlima aupande Jumamosi kwa miguu, anunue ndizi na karoti kwa wanaoshuka nazo kichwani, arudi kulala. Hiyo ekari anayoitaka hataweza kuilima, nimeona nyingi. Mwaka wa kwanza ua na geti, mwaka wa pili mlinzi, mwaka wa tatu majani yamefika kifuani na panya wanatoka mle kwenda kula mahindi ya jirani.

Na wewe mkulima mwenzangu wa mabondeni, najua umeshaletewa bei. Najua pia ada ya shule haisubiri, sitakuhukumu. Ila usianze kuuza ile robo ekari yenye unyevu kiangazi kizima, unayovuna mboga wakati wenzako wamekauka. Hiyo ndiyo inayokulisha Septemba, wakati fungu la mboga lina bei. Ukilazimika, uza kipande kikavu cha juu karibu na barabara, ambacho mahindi yenyewe yanakubishia, tena kwa maandishi na ukoo ukijua. Hela ya bonde nimeona inavyokwenda: pikipiki, bati, sherehe, na baada ya miaka miwili aliyeuza anaomba kibarua cha kupalilia palepale. Hawa wageni wanaokuja wanakula. Wanataka maziwa asubuhi, mayai ya kienyeji, mboga isiyopuliziwa jana. Wauzie hivyo, kila wiki, bonde libaki lako.

Anayetaka kuja kuangalia eneo, mimi nipo. Nitafutieni Oktoba, mje na viatu vya kutembea, dalali mmwache Msamvu. Wiki ijayo tunarudi kwenye nyanya, maana maswali ya kantangaze yamekuwa mengi na wengine mnapuliza dawa ileile mara ya tano.