Tazama Kwanza, Ndipo Ufute

Katika ofisi zetu nyingi, mtumishi anayepewa orodha ya mistari elfu kumi aisafishe huanzia mstari wa kwanza na kushuka hadi wa mwisho, kwa jicho na kidole. Bidii hiyo ina heshima yake. Hata hivyo, ziko zana ambazo zingempunguzia mzigo, na vyuo vyetu huwafundisha wachache mno.

Kihariri matini cha vi, alichokiandika Bill Joy huko Berkeley mwaka 1976, na mrithi wake Vim, aliyetolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, vina hali tofauti za kazi: katika hali moja herufi huandika, katika nyingine herufi zilezile huamuru. Anayeamuru haihangaikii mistari mmojammoja; hueleza ruwaza, yaani sifa inayoitambulisha mistari anayoitaka. Akiandika :g/Juma/d, kila mstari wenye herufi hizo hufutwa papo hapo, uwe mmoja au elfu.

Hapa ndipo jambo la kiufundi linapogeuka kuwa la kiraia. Amri hiyo haimjui Juma aliyekusudiwa. Itamfuta Jumanne, na itamfuta Asha Juma, maana mbele ya mashine wote wana herufi nne zilezile. Ruwaza ikibanwa iwe \<Juma\>, neno zima tu ndilo hutafutwa: Jumanne atanusurika, Asha bado atapotea kwa jina la baba yake. Asiyejua desturi zetu za kuitana majina hawezi hata kuushuku mtego huo.

Waliobuni amri hizi hawakutuacha bila kinga. Weka p mahali pa d, na mistari itaonyeshwa bila kuguswa. Jina la programu mashuhuri ya grep limetokana na amri hiyohiyo, g/re/p, ya kihariri ed cha Ken Thompson. Kuonyesha, basi, ni desturi kongwe ya fani hii.

Ndugu msomaji, fikiri kuhusu orodha za mikopo ya wanafunzi, za pensheni, za wapiga kura. Jina likitoweka humo, mwananchi huambiwa kwamba ni mfumo. Mfumo hauna nia. Ruwaza iliandikwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuulizwa: uliandika nini, na uliiona orodha kabla ya kuifuta?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Stadi hii ifundishwe hata kwa wanafunzi wa sheria, historia na utawala. Bei haiwezi kuwa kisingizio: Vim hutolewa bure, na Moolenaar aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wahitaji wa Uganda. Pili, ofisi ya umma isifute jina lolote kabla orodha ya watakaofutwa haijaonyeshwa na kusomwa na mtu wa pili. Raia asiyeweza kuisoma amri iliyomfuta hana pa kuanzia kudai haki yake.